Ushuhuda wa Hela ya Mtu

Alhamisi moja ya mwezi wa sita jumuiya yetu ya Kilutheri ilikutana nyumbani kwa mzee wa kanisa, Uyole, Mbeya. Anayeijua Uyole ya mwezi wa sita hahitaji kuelezwa baridi yake. Jiko la mkaa lilikuwa limewekwa karibu na mlango, mlango wenyewe ukaachwa wazi kidogo, na kina mama walikuwa wamejifunga vitenge juu ya masweta. Neno lilishasomwa. Tukafika kwenye shukrani na shuhuda.

Akasimama mama mmoja. Jina lake naliacha. Anauza ndizi pale karibu na njia panda, zile zinazoshushwa kutoka Tukuyu asubuhi. Binti yake alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa wa mbali. Ada hakuna siku hizi, lakini mzazi yeyote anaijua ile karatasi ya maelekezo ya kujiunga: godoro, tranka, shuka, ndoo, jembe, fagio, rimu ya karatasi, sare, na nauli juu yake. Mama alikuwa amefunga na kuomba wiki nzima. Asubuhi ile, akasema, simu ikaita mlio wa ujumbe. Shilingi laki mbili na arobaini elfu zimeingia. Jina la mtumaji halijui, namba haijui.

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Amina!"

Makofi yakapigwa, na kuna aliyeanza kulia. Ndipo mzee mmoja aliyekaa upande wa dirisha, ambaye huwa haongei mpaka aulizwe, akasema bila ukali wowote: "Mama, na mwenyewe hajapiga?"

Mama akasema kuna namba ngeni imepiga mara tatu. Hajaipokea.

Mwenye nyumba akaanzisha pambio.

## Daftari

Mimi ndiye katibu. Daftari letu lina sehemu ya mahudhurio, sadaka, wagonjwa, na shukrani. Usiku ule nilikaa na kalamu nikakosa pa kuliandika jambo lile. Niliandike kwenye shukrani? Ni shukrani kwa nani, wakati kuna mtu mahali fulani anahangaika na simu yake, tarakimu moja imemponza?

Wiki kadhaa zimepita na jambo hili bado linanikera. Si kwa sababu ya yule mama. Mtu mwenye shida ambaye simu yake imeingiza hela katikati ya mfungo ana haki kabisa ya kudhani kwamba amejibiwa. Kinachonikera ni zile Amina zetu. Tulikuwa watu zaidi ya kumi mle ndani, wengine tumebatizwa kabla hatujajua kutembea, na ikahitajika mtu mmoja kuuliza swali ambalo mtoto wa Sunday school angeuliza.

Tumefundishwa majaribu kwa picha ya mambo machafu. Baa. Simu ya mume wa mtu. Rushwa ndani ya bahasha. Ukifunza vijana hivyo, wanajifunza kuangalia upande mmoja wa barabara tu. Jaribu la mle sebuleni lilikuja baada ya kufunga, likaja kwa kiasi kinachokaribia mahitaji, tena likaitwa kwa jina la Bwana kabla halijaulizwa limetoka wapi.

## Kunguru walinunua bucha gani?

Tulipotoka, mjadala ukaendelea njiani. Kuna kijana wetu mmoja, fundi simu, ana ulimi. Kwanza alitahadharisha kuhusu utapeli, na alikuwa na hoja. Sote tumewahi kupata ujumbe wa "nimekosea kutuma, nirudishie", na ukiangalia salio huoni kitu. Wengine wamerudisha hela ambayo haikuwahi kuingia. Lakini mama alikuwa ameangalia salio, na hela ilikuwepo.

Basi akabadili njia.

"Dada katibu," akaniambia, "Eliya alipelekewa mkate na nyama na kunguru pale kijito cha Kerithi. Wale kunguru walinunua bucha gani?"

Tulicheka. Nikaenda kulala nalo.

Hakuishia hapo. Jumapili baada ya ibada akanifuata na samaki wa Petro. Mathayo 17: Petro anaambiwa akatupe ndoana, amfumbue samaki mdomo, atakuta shekeli, akalipe kodi ya hekalu kwa ajili yake na Bwana wake. "Ile shekeli ilidondoka kwa mtu. Kuna mvuvi alilia siku ile. Yesu alisema itafuteni kwanza familia yake?"

Huyu kijana anasoma Biblia kuliko wengi wanaomwambia akae kimya. Na nakiri hoja yake si ya kupuuzwa: Mungu wa Maandiko ana njia zake za kupeleka riziki, na nyingine hazipiti kwenye leja. Jibu nililompa lilikuwa fupi na halikumridhisha. Nilimwambia samaki hakuwa akimpigia Petro simu.

## Pangoni

Nilichokipata baadaye nilikipata kwa Daudi, na sikukitafuta kwake.

Samweli wa Kwanza, sura ya 24. Daudi amejificha ndani kabisa ya pango huko Engedi, yeye na watu wake. Mfalme Sauli anayemwinda anaingia pango hilohilo kujisaidia, peke yake, hajui kuna watu. Watu wa Daudi wananong'ona: hii ndiyo siku ambayo Bwana alikuambia, atamtia adui yako mikononi mwako. Wanalitaja jina la Mungu, wanataja na ahadi. Ukirudi nyuma kwenye kitabu kutafuta ni wapi Mungu alimwahidi Daudi jambo hilo kwa maneno hayo, huoni. Wale watu hawakuwa waongo, nadhani. Walikuwa wamechoka kulala mapangoni. Nafasi ilipotokea, wakaitungia ahadi.

Daudi akakata upindo wa vazi, na hata huo ukamchoma moyoni.

Sura ya 26 ndiyo iliyonishika zaidi. Safari hii Daudi na Abishai, mmoja wa watu wake, wanaingia kambini mwa Sauli usiku. Sauli amelala, mkuki wake umechomekwa ardhini karibu na kichwa chake, jeshi zima limelala. Abishai anasema vilevile: Mungu amemtia adui yako mkononi mwako leo. Na mwandishi wa kitabu anaongeza maneno ambayo nilikuwa nayapita kila mara: usingizi ule mzito ulikuwa umetoka kwa Bwana.

Yaani Abishai hakukosea kabisa. Mungu alikuwemo katika tukio lile. Nafasi aliitengeneza yeye. Na bado Daudi akasema hapana, kwa sababu alikwisha kujua Sauli ni nani mbele za Mungu: masihi wa Bwana, yaani mpakwa mafuta wake. Hakuhitaji ufunuo mpya. Usingizi wa jeshi zima haukuwa na uwezo wa kubatilisha neno alilokuwa nalo tayari.

Nikamkumbuka na Yona, aliyekuwa anamkimbia Mungu. Akashuka Yafa, akakuta merikebu iendayo Tarshishi, na nauli anayo. Mambo yote yalinyooka. Kwa kipimo chetu cha "Mungu amefungua mlango", Yona angeshuhudia Alhamisi ile na tungempigia makofi.

## Juu ya kinara

Mathayo 4 tumeihubiri mpaka imechakaa, kwa hiyo sitairudia yote. Nataka sehemu mbili tu.

Ya kwanza ni mahali ilipowekwa. Mstari wa mwisho wa sura ya tatu ni sauti kutoka mbinguni: huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu. Kisha jangwa, siku 40, njaa. Na neno la kwanza la mjaribu ni "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu". Kilichoshambuliwa ni neno lililokwisha kusemwa. Yesu angegeuza mawe kuwa mikate, njaa ingeisha, na shaka ingekuwa imepewa kiti: kwamba sauti ya Yordani peke yake haikutosha, ilihitaji kuthibitishwa na mkate.

Ya pili ni Zaburi ya 91. Kwenye kinara cha hekalu Shetani ananukuu Maandiko, na hakosei sana. Malaika watakuchukua mikononi mwao, usije ukajikwaa mguu wako katika jiwe. Fungua Zaburi yenyewe uone alichokiacha: malaika wameagizwa wakulinde "katika njia zako zote". Kipande hicho hakipo kwenye nukuu yake. Kujitupa kutoka juu ya hekalu haikuwa njia ya mtu yeyote.

Majibu yote matatu ya Yesu yanatoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8, mafundisho ya Musa kwa watu waliotoka jangwani. Hakujibu kwa neno jipya hata moja. Na lile la "usimjaribu Bwana, Mungu wako" linakwenda moja kwa moja Masa, kwenye Kutoka 17, ambako watu wenye kiu waliuliza kama Bwana yu kati yao au la. Walikuwa wamevuka bahari, wanaokota mana kila asubuhi, na bado wanauliza.

Nikajiona hapo. Hata mimi ninataka ishara. Ninataka simu iite. Kuambiwa kwamba Mungu ni mwaminifu nimeambiwa tangu utotoni, lakini ujumbe wa hela una uzito wake mkononi.

## Maana yake nini?

Waliopita kipaimara wanalijua swali hili hata usingizini, maana Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 inalirudia kila kipengele. Nilirudi kuisoma, nakala ileile yenye jalada lililolegea.

Ombi la sita, usitutie majaribuni. Luther anasema Mungu hamjaribu mtu. Tunaomba atulinde, ili Ibilisi, ulimwengu na miili yetu visitudanganye na kutuingiza katika imani potofu, kukata tamaa, na aibu nyingine kubwa. Angalia kilichotangulia. Ningekuwa mimi ningeanza na ulevi na uzinzi. Yeye ameanza na kuamini vibaya.

Kisha nikafungua amri ya saba, usiibe. Nilikuwa nakumbuka nusu yake: tusimnyang'anye jirani mali yake. Nusu nyingine nilikuwa nimeisahau, nayo inasema tumsaidie jirani kuitunza na kuiongeza mali yake. Kwa hiyo kutopokea simu nako kumo.

Na Torati ilishasema mapema kuliko Luther. Kumbukumbu 22: ukimwona ng'ombe wa ndugu yako amepotea, usijifanye hujamwona. Kama ndugu huyo yuko mbali, au humjui, mchukue ng'ombe ukae naye nyumbani kwako mpaka mwenyewe aje kumtafuta. Humjui! Ni kama waliandika kwa ajili ya namba ngeni.

Hilo ndilo jibu refu kwa kijana wetu kuhusu shekeli ya samaki. Mahali ambapo mwenye mali hawezi kujulikana, na Bwana mwenyewe amesema nenda, hilo lina hukumu yake. Mahali ambapo mwenye mali anapiga mara tatu, hakuna fumbo la kiroho la kufumbua. Neno lilishasema, na hakuna haja ya kukesha kutafuta mapenzi ya Mungu.

Majirani zetu Wamoravian wana historia inayofaa hapa. Mababa zao wa Herrnhut, Ujerumani, walikuwa wakipiga kura, si ya uchaguzi bali ya bahati, kutafuta uongozi wa Mungu hata katika mambo ya ndoa, na katika karne ya 19 wakaachana na utaratibu huo hatua kwa hatua. Wamisionari wao walipofika Rungwe mwaka 1891, kilichowafuata ni kile kitabu chao cha neno la kila siku, ambacho mpaka leo mistari yake ya Agano la Kale inachaguliwa kwa kura huko Herrnhut. Mimi ni Mlutheri na kura hizo siziwezi. Lakini naona jambo moja: walipiga kura mahali ambapo Maandiko hayakuwa yameamua. Hakuna Mmoravian aliyewahi kupiga kura kuuliza kama arudishe ng'ombe wa mtu.

## Mtu mwenye njaa

Sasa shaka yangu, maana ninayo.

Haya yote ni mepesi kuandikwa na mtu ambaye mwisho wa mwezi mshahara unaingia. Yule mama anaamka saa tisa usiku kupokea mikungu. Mvua ikinyesha barabara ya Tukuyu ikawa mbaya, ndizi zinachelewa, zinaiva njiani, hasara ni yake. Mtu akimwambia "mtu hataishi kwa mkate tu" huku ameshiba, sidhani kama amelinena neno la Mungu, hata kama maneno ni yaleyale. Shetani naye alinukuu vizuri.

Tena ile sura ya nne ya Mathayo inaishia na malaika wakija kumtumikia Yesu. Je, wasipokuja? Wapo watu wema katika mji huu waliokataa kusaini karatasi za uongo kazini, wakahamishwa, na mpaka leo malaika hawajafika. Wahubiri wetu huwa wana haraka ya kufika mstari wa 11. Nami nashuku kwamba haraka hiyo ni jaribu la kwanza lenyewe, limerudi kwa mlango wa nyuma: mtii Mungu, kisha mawe yatakuwa mikate. Ukihubiri hivyo, siku mikate isipotokea unakuwa umemwachia mtu imani isiyo na kitu ndani.

Yesu alijibu akiwa bado na njaa. Baada ya kila jibu njaa ilikuwa palepale.

Kwa hiyo sitaki kusema mama angerudisha ile hela Mungu angemzidishia. Sijui kama angemzidishia. Ninachojua ni kwamba hela ile ilikuwa ya mtu.

## Alichofanya

Nilikutana naye sokoni siku chache baadaye, nikanunua ndizi, nikasubiri aseme mwenyewe.

Alikuwa amepokea simu. Usiku uleule wa jumuiya, saa nne. Alikuwa kijana wa Mbalizi aliyetaka kumtumia fundi hela ya bati, akakosea namba na jina halikusomwa. Kijana hakuanza na shikamoo. Alianza na matusi, kwa sababu mtu asipopokea simu mara tatu unajua umepata mwizi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia hela ipo, haijaguswa, apige kwa mtandao aombe muamala urudishwe, naye wakimpigia atakubali. Hakutaka kuirusha mwenyewe kwa namba nyingine yoyote, fundi simu wetu alikuwa amemwonya vya kutosha. Kesho yake ikarudi.

"Alishukuru?" nikauliza.

"Alikata simu."

Binti aliripoti shuleni amechelewa. Godoro aliazimwa na dada mmoja wa kwaya aliyemaliza kidato cha sita. Tranka bado, nguo ziko kwenye mfuko wa salfeti. Jembe walilipata la nyumbani, wakabadilisha mpini.

Nikamwomba aje kushuhudia jumuiya. Akanitazama kama mtu aliyesikia mzaha.

"Dada, nishuhudie nini? Kwamba nimerudisha hela ya mtu?"

Ndizi zikahesabiwa, mteja mwingine akaja, na mimi nikabaki pale. Nimejaribu kukumbuka ushuhuda wowote katika jumuiya yetu ambao haukuishia na kupata: kupata kazi, kupata mtoto, kupata uponyaji. Sikuukumbuka hata mmoja. Aliyekosa kitu kwa sababu ya kumtii Mungu hana kipengele kwetu. Anakaa kimya, na aliyeokota anapewa makofi. Kisha tunashangaa vijana wanapohamia kwa manabii wanaouza mafuta, wakati tumewafundisha sisi wenyewe kwamba Mungu anajulikana kwa kilichoingia.

Kwenye daftari nimefungua sehemu mpya. Haina kichwa cha habari bado, maana mwenyekiti anataka kiwe kirefu na mimi nataka kiwe kifupi. Nimeandika mstari mmoja bila jina la mtu.

Fundi simu hajakubali. Anasema mama alifanya vema, lakini hoja ya kunguru haijajibiwa, na kwamba Daudi alikuwa na jeshi pangoni ilhali mama alikuwa peke yake, kwa hiyo mfano wangu haulingani. Huenda ana haki kwenye hilo la pili. Alhamisi ijayo tunasoma Samweli wa Kwanza 24, na ameshatangaza kwamba atakuja kuwatetea wale watu wa Daudi. Nimemwambia aje na Biblia ya karatasi. Ile ya kwenye simu humwishia chaji katikati ya hoja, na yeye ndiye fundi.